Jina Nililoliruka kwenye Fomu ya Mirathi

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali pale Kibiti, mwanangu, nilipoiwasha simu ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Wazee wengi husimulia makosa ya ujanani. Mimi langu nililifanya nikiwa na mvi mbili tatu, ila moyoni nilikuwa bado msichana mwenye kiburi.

Baba yetu alikuwa amefariki, arobaini imepita. Aliacha nyumba na shamba la mikorosho kule Mtunda. Ukoo ukakaa kikao, maana mahakama inataka muhtasari wa kikao hicho, nikachaguliwa mimi kuomba usimamizi wa mirathi. Nikataja warithi wanne: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Shangazi, dada yake baba, akanikazia macho.

"Na wa Delta?"

"Delta hakuna mtu," nikamjibu.

"Mwana weye," alisema polepole, "maiti ana masikio mpaka mali yake igawiwe. Haya, miye nimesema."

Mtu alikuwepo, nami nilimjua. Zamani baba alikwenda Delta, kule mto unakoingia baharini, kukata mikoko, akaoa huko kwa ndoa halali, akapata mtoto wa kiume. Mkewe alipokufa akarudi huku akamwoa mama, lakini kila mwaka alikwenda kumwona mwanawe. Nilimwonea wivu kaka yule tangu utotoni, kwa sababu baba akitoka kwake alikuwa na furaha wiki nzima. Sikutaka apate hata mkorosho mmoja.

Basi nikaenda steshenari, kwani siku hizi maombi yanajazwa mtandaoni. Dada mwenye kompyuta anauliza, najibu, anaandika: jina la marehemu, cheti cha kifo, mali. Kwenye warithi akaandika wanne. Chini yao ukabaki mstari mmoja mtupu, na kile kijiti cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

"Wamekwisha?" akauliza.

Nikasema wamekwisha. Papo hapo umeme ukakatika. Uliporudi tukaanza upya, na tulipofika kwenye mstari uleule ukakatika tena. Nikacheka, nikamwambia dada aanze tena.

Mara ya tatu tukavuka. Ikabaki kupokea namba ya uthibitisho kwa simu. Yangu ilikuwa kwa fundi, hivyo nilimtajia dada namba ya baba. Simu yake nilikuwa nayo, nimeiviringisha ndani ya kofia yake, imezimwa tangu siku ya maziko. Nikaiwasha. Namba ikaingia, na kabla sijaisoma simu ikaita. Kwenye kioo pameandikwa NYUMBANI.

Mwanangu, nyumba ya baba nilikuwa nimeifunga kwa kufuli asubuhi ile, mama yuko kwangu tangu msiba, ufunguo uko kwenye pindo la kanga yangu, na ndani hamna simu. Nikapokea. Kikaja kikohozi cha baba, kilekile kikavu, mara mbili. Kisha sauti yake, ya mtu ambaye niliona jeneza lake likitolewa mlangoni.

"Asalamu aleikumu."

Dada akaacha kuandika. Naye aliisikia. Nikaibana simu sikioni.

"Baba?" sauti ikaendelea. "Uko wapi siku zote hizi? Napiga hupatikani. Leo ndiyo naletewa ujumbe kwamba simu yako iko hewani. Unaumwa?"

Hapo nikamjua. Alikuwa kaka yangu, amerithi sauti yote ya baba, na hakuna aliyempa habari ya msiba. Mimi ndiye niliyeahidi kuipeleka, nikaikalia. Na baba alikuwa ameiandika namba ile Nyumbani. Wivu ulinichoma hata wakati ule, lakini aibu ilizidi.

"Kaka," nikasema, "baba hatunaye."

Akauliza, "Alizikwa upande gani?" Hakuuliza shamba, hakuuliza nyumba.

Fomu ilikuwa haijatumwa bado. Nikamwomba dada aisimamishe, nikarudi kwa ukoo, muhtasari ukaandikwa upya, na jina la kaka likatangulia la kwangu kwa kuwa ndiye mkubwa. Siku ya mahakama karani aliwaita warithi. Kaka alipoitika "Naam" kwa sauti ileile ya baba, Shangazi alijifunika uso kwa kanga.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nusura livunjikie pale. Basi shika hili. Kompyuta inaandika unachoiambia, haijui uliyemficha. Lakini chini ya fomu kuna kiapo, na mahakama hutoa tangazo ili mwenye haki ajitokeze na mwenye pingamizi aseme. Ukiteuliwa msimamizi, wewe ni mpakuaji tu, sufuria si yako, na ukishagawa unarudi mahakamani kueleza ulivyogawa. Kabla hujagusa fomu, wataje warithi wote kwa mdomo wako, ukianza na yule usiyempenda.

Simu ile ninayo hadi leo, na jina sijalibadilisha. Ikiita Nyumbani bado nashtuka, kisha napokea: "Naam, kaka." Mwenyezi Mungu akujaalie, mwanangu, usiwe na ndugu wa kumficha, na siku utakapotajwa wewe miongoni mwa marehemu, wanao wote waitike.