Maji Yaliyotoka Getini Kwangu

Naikumbuka Jumamosi moja pale Gihosha, mtaa wetu wa mlimani, mwanangu, siku niliyosimama mbele ya mtaa mzima nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyafikiria nainamisha kichwa. Nilikuwa kijana, fundi wa magari, nimefungua gereji yangu mwenyewe na uwanja wote nimeumwagia simenti hadi getini. Paa langu la bati lilikuwa kubwa kuliko yote ya mtaa. Ujana ndivyo ulivyo: ukipata gereji unadhani umepata na akili.

Siku hiyo tulikuwa tumemaliza kazi za pamoja za Jumamosi, majembe bado mikononi, mzee Rajabu akasimama. Alikuwa mwashi mstaafu, Mwislamu mzaliwa wa Buyenzi aliyehamia kwetu, na mtaa ulimpa kazi ya kusimamia mfereji wa mawe, kanivo kama tunavyouita, wa kuteremsha maji ya mvua hadi mtoni bila kuumega mlima. Alieleza kuwa mchango utatolewa kila mwezi, maana mfereji usiosafishwa huziba, na kila mtu atalipa kwa ukubwa wa bati lake na simenti yake. Viwanja vyote alikwisha kuvipima kwa kamba. Jirani yangu mwenye kijumba na bustani ya mihogo alipangiwa kidogo sana. Mimi nilipangiwa kuliko wote.

Nikawaka. "Mi nalipa ya nini? Maji haikai kwangu hata dakika moja, inashuka! Walipe wale wa chini. Na mvua ni ya Mungu, tangu lini mutu analipia mvua?"

Vijana wakanipigia makofi. Mzee akaikunja kamba yake. Mwezi ule sikutoa kitu, wala miezi iliyofuata, na wenzangu wenye mabati makubwa nao wakajiuliza kwa nini watoe wao. Mzigo ukabaki kwa wenye vijumba, nao wakachoka, kwani mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mawe yakaisha. Mfereji ukasimama katikati ya mteremko, hatua chache juu ya nyumba ya Mama Espe, mjane aliyeishi na watoto watatu ukingoni mwa korongo.

Hebu fikiri, mwanangu. Mfereji nusu ni mbaya kuliko kutokuwa na mfereji, maana unakusanya maji ya watu wote na kuyamwaga mahali pamoja.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana, mimi nimekaa pakavu gerejini. Mzee Rajabu akaingia amelowa chapachapa, akanishika mkono bila salamu, na yeye alikuwa mtu wa salamu ndefu. Akanitembeza tukiyafuata maji yaliyotoka getini kwangu yakiwa yamebeba mafuta meusi ya magari, tukashuka nayo hadi kwa Mama Espe. Jiko lake lilikuwa limekwenda na korongo. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umebakiza hatua moja ya udongo kabla ya korongo. Mama mwenyewe alikuwa akitoa godoro nje, na juu ya maji yale yaliyokuwa yakila ardhi yake niliyaona mafuta yangu yaking'aa.

"Mvua ni ya Mungu, kijana yangu," mzee akaniambia. "Lakini bati ni ya nani? Simenti ni ya nani? Mungu aliimwaga hii maji pole pole, kila mahali. Ni we uliikusanya."

Mama Espe hakunitukana, aliniomba tu nimshikie upande wa pili wa godoro. Heri angenitukana.

Jumamosi iliyofuata, mbele ya watu walewale, nikayameza maneno yangu na kulipa miezi yote niliyokuwa nimekataa. Wenye mabati makubwa wakaona haya, wakatoa. Mzee akaongeza jambo moja: atakayepunguza maji anayoyateremsha, naye apunguziwe mchango. Basi nikachukua nyundo nikavunja simenti ya kando ya geti, nikachimba shimo na kulijaza mawe ili maji yazame, na mafuta nikaanza kuyaweka kwenye pipa. Mikono ilivimba. Sikumlalamikia mtu, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mfereji ukafika mtoni. Siku chache baadaye mbingu zikafunguka, nikaacha gari la watu juu ya jeki nikakimbia mteremko mzima. Nilimkuta Mama Espe ameketi mlangoni anachambua maharage, watoto nyuma yake wanagombana.

"Unakimbia nini?" akaniuliza. "Maji imepita kule, kwa njia yake. Mi niko kwangu."

Nilikaa chini pale pale, nikacheka huku machozi yakinitoka. Sijawahi kupumua vile tena maishani.

Sasa nakusikia wewe na wenzako wa Gasenyi mkinung'unika kuhusu mchango wa mifereji. Uliza, mwanangu. Uliza umepimwaje, uliza fedha zinakwenda wapi, dai uonyeshwe mawe yenyewe. Hiyo ni haki yako, na anayekukataza kuuliza usimwamini. Ila usiseme maji hayakuhusu kwa sababu kwako ni pakavu. Kabla ya kukataa, toka siku ya mvua, shuka, uone unachowatumia walio chini yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine ukuta wenyewe ni wa mjane.

Mungu akujalie nyumba kubwa kuliko yangu, mwanangu, na jirani wa chini ambaye mvua ikianza hugeuka upande wa pili akaendelea kulala.