Daktari wa Moyo na Bwana Mkubwa

Daktari wa moyo katika wodi ya vichanga ana mikono mipana kama ya mchukuzi wa mizigo, na wauguzi humtania kwamba alikosea foleni siku ya kugawiwa kazi. Chupa ya jeli ya kupaka kifuani wakati wa kipimo cha moyo huibana kwapani mpaka ipate joto, na kabla hajagusa kifua cha mtoto hupiga hodi: "Bwana mkubwa, naomba kuingia." Kisha husubiri jibu kwelikweli, kichwa kakiinamisha. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa akikoroma tangu azaliwe, alimwona hivyo siku ya kwanza akajisemea moyoni, huyu naye hazimtoshi.

Lakini ni yeye aliyegundua kilichomkaba mtoto. "Mama, mshipa wa damu wa pafu la kushoto umepotea njia. Umechipukia upande wa kulia, ukapita nyuma ya njia ya hewa na kuibana. Ni nadra sana. Itabidi apasuliwe, urudishwe mahali pake." Mama akauliza kama atapona. Utani ukamkauka daktari mdomoni. "Sijui, mama. Natumaini." Baada ya upasuaji, mtoto alipotolewa mipira ya kupumulia, mama hakusikia mkoromo wowote. Akashikwa na hofu, akamwita daktari, naye akaja mbio na kiatu kimoja mguuni, akaweka sikio kifuani pa mtoto.

"Amelala tu."

"Kimya hivi?"

"Watoto hulala hivi, mama."

Daktari akavuta kiti, akajibwaga, akajipangusa jasho kwa kofia ya mtoto.