Waya Uliompita Bwana Wangu

Bwana wangu alikuwa mkimbiaji wa barua. Kiwanda cha pamba cha Luberizi kilimtuma mpaka Uvira, barua zimebanwa kwenye fimbo iliyopasuliwa nchani, na bonde lote hakuna aliyempita kwa miguu. Kisha wazungu wakasimamisha nguzo kando ya barabara, wakavuta waya, wakamkalisha kaka yake mkubwa mbele ya telefone kwa sababu alisoma kwa mapadri.

Shemeji huyo alikuwa na mdomo. Asubuhi moja niliwapelekea chakula kiwandani, nikitoka shambani na jembe mkononi, nikamkuta anamchokoza bwana mbele ya makarani.

"Mudogo yangu, tafuta jembe kama la bibi yako. Hii waya iko nakula kazi yako. Myaka mbili tu, hakuna muntu atalipwa kwa sababu ya miguu."

"Na weye?"

"Miye pia itanikula. Itakuja mashini ya kuandika na kuhesabu pamba, makarani wote tutarudi kwenye mihogo. Lakini weye utatangulia. Si ulizoea kutangulia?"

Makarani walicheka. Bwana alimpiga na ile fimbo mdomoni, meno yakaanguka mezani. Shemeji alipoinua mkono kujikinga, bwana akauvunja. Akaendelea kumpiga pale chini mpaka fimbo ikakatika, na hakuna aliyemshika, hata mimi. Halafu akaniambia polepole, "Naenda kwa wajomba, Burundi. Utanifuata na watoto." Akatoka.

Kumpiga karani wa kiwanda ilikuwa kiboko na jela. Lakini kwetu, mwenye kosa akivuka daraja la mpaka wa Burundi pale Kavimvira kabla habari haijafika, amepona. Wazee wangemaliza kwa ng'ombe. Habari ilitembea kwa miguu, na miguu ya kwanza ilikuwa yake.

Shemeji alitambaa mpaka kwenye telefone. Akaizungusha kwa mkono mzima, akatema damu, akamwambia polisi wa Kavimvira jina la mdogo wake na rangi ya shati. Waya ulipita ukutani, karibu na bega langu. Pigo moja la jembe lingetosha. Sikupiga. Si kwamba nilimhurumia shemeji. Niliona mtu aliyepigwa kichwa anaongea na sanduku, nikasema moyoni, bwana wangu yuko mbali, nani atamfikia? Nikachukua sufuria yangu, nikaenda kufunga mizigo.

Polisi wanne walimngoja darajani, wamekaa. Wakamwita kwa jina. Walimpiga hapo hapo kwa vitako vya bunduki, na kesho yake kiboko mbele ya watu, mpaka nguo ikashikana na nyama.

Alipotoka jela, hata watoto hakuwasalimu.

"Nani alinipita?"

"Hakuna. Ni waya."

"Njia nzima niligeuka kutazama nyuma. Sema jina la mwanaume."

Nikasema tena waya. Akanipiga. Kila alipolewa aliuliza, nami nikajibu vile vile, akanipiga vile vile. Siku aliyonivunja mbavu nilichoka. Nikamtajia mkimbiaji mmoja wa Katogota aliyekwisha kufa.

Alishusha mkono. Akakaa mlangoni, akafikiri.

"Yule, ndiyo," akasema. "Yule alikuwa na miguu."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena.