Munkoyo wa Siku Tatu

Lubumbashi nzima inanijua kwa sauti, na nusu yake imewahi kuninunulia kinywaji. Sikukataa hata mara moja. Mwanamuziki akikataa glasi ya shabiki anaitwa mwenye maringo, nami sikutaka maringo, nilitaka glasi. Miaka ikapita hivyo, kwanza bia, kisha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, asubuhi kabla ya chai.

Binti yangu alipopata mchumba aliniambia neno moja tu kuhusu kuingia kanisani siku ya ndoa: "Papa, nitaingia na weye ku église. Lakini ukikunywa, utabakia."

Nikaacha. Siku arobaini na moja nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikigombana na redio, na viatu, na jua.

Asubuhi ya ndoa tulikuwa Ruashi, kwa dada yangu mkubwa. Nilivaa suti mapema mno, misa ikiwa bado mbali. Sikuweza kuketi. Nilifunga tai, nikaifungua, nikaifunga tena. Dada akachoka kunitazama.

"Kunywa munkoyo, utulie," akasema.

Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kitamu, hata mtoto wa komunyo ya kwanza hupewa. Lakini kikikaa siku tatu hubadilika kuwa pombe. Mezani palikuwa na beseni la munkoyo wa jana, na chini ya meza bidon, dumu la njano lenye munkoyo wa siku tatu wa wazee. Nilijua vizuri ipi ni ipi. Nikafungua bidon, ikatoa pumzi, nikajiambia munkoyo ni munkoyo. Mjinga mimi! Kufika kikombe cha nne mwili ukatulia, nikafurahi vibaya sana.

Binti akatoka chumbani na gauni lake jeupe. Akaninyooshea tai polepole, uso wake karibu na mdomo wangu.

"Papa, unakunywa."

Kwetu hilo halikuwa swali. Maana yake, umeshakunywa.

"Iko munkoyo tu," nikajibu. Dada akacheka, akanitetea. Binti hakucheka. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akaonja, akakiweka mezani. Kisha akamwita mjomba wake aliyekuwa mlangoni, akamshika mkono ili aingie naye kanisani.

"Weye utakuya ku fête," akaniambia bila hasira. "Utaimba. Bantu beko banakungoya."

Nilikwenda kwenye sherehe, nikaimba. Watu waliokuwa wakiningoja walinishangilia mno, naye binti yangu akanipigia makofi kama mgeni mwingine yeyote.