Fimbo za Langoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka botini na viatu vya kuazima, vinanibana hadi roho. Mhifadhi Mkuu aliitazama miguu yangu, akacheka, kisha akanionyesha fimbo zilizotundikwa ukutani pale kwenye lango la msitu.

"Kila mgeni anachukua moja. Akirudi, anaitundika. Fimbo zikitimia, boti inaondoka."

"Na yangu, mzee?"

"Yako ya nini? Wewe ni mwongoza wageni. Kajikatie porini."

Basi nikajikatia. Miaka mingi nilipanda milima ile iliyo juu ya Ziwa Tanganyika, nikiwaonyesha watu sokwe na maporomoko ya maji. Kazi tamu, ila upweke wake usiombe. Wageni wanakuja na vicheko vyao, wanaondoka navyo, unabaki na nyani na mvua. Mke wangu, Mwajuma, alikuwa Ujiji, tukionana likizo tu. "Umeuoa msitu," alinitania, "mimi nimekuwa nyumba ndogo."

Kiangazi kimoja redio ya kituo ikaleta habari kwamba Mwajuma hali yake mbaya. Mhifadhi alinipa ruhusa palepale. "Wapandishe wageni wa leo mlimani, kisha uondoke nao kwa boti saa saba."

Tukiwa tunateremka, nikakumbuka moto wa chai tulioukoka kule maporomokoni. Sheria yetu ilikuwa huondoki mpaka ulishike jivu kwa kiganja, ulikute baridi. Nami, kwa haraka zangu, sikulishika. Nikawaambia wageni watangulie, nikarudi mbio kulimwagia maji.

Nilipofika ufukweni, boti ilikuwa mbali.

Msimamizi wa lango alishika kichwa. "Fimbo zote zilitimia, na yako haihesabiwi! Wageni walidhani unabaki, si ndiko unakoishi?"

Upepo ukachafua ziwa siku mbili. Nilipofika Ujiji nilikuta majamvi yametandikwa uani. Mwajuma alishazikwa.

"Alikuulizia, shemeji," dada yake aliniambia. "Kila boti ikinguruma, anakuulizia."

Sikumlaumu mtu. Nilirudi kazini, nikafanya mpaka nikastaafu. Hatukujaliwa mtoto. Nyumbani kwangu, mtaa wa Rusimbi, redio inaongea peke yake, na chai naipika ya kikombe kimoja.

Mwaka huu nikaenda msituni kama mgeni. Mwongozaji ni binti, mwepesi kweli. "Shikamoo, babu. Chukua fimbo." Tulipofika maporomokoni nikakaa pale tulipokuwa tukikoka moto. Wenzangu walipoteremka, nikabaki nyuma kimyakimya. Niseme ukweli, sikutaka kushuka. Kushuka niende kwa nani?

Haukupita muda nikasikia viatu vikikimbia. Yule binti alitokea akihema.

"Babu, jamani! Fimbo yako haijarudi. Boti nzima inakusubiri."

"Inanisubiri mimi?"

"Sasa nani mwingine?"

Nililia palepale, mtu mzima na mvi zangu, wala sikuona haya. Kisha nikashuka naye polepole hadi langoni, nikaitundika fimbo yangu ukutani.