Kiwiko Kilichounganishwa Butembo

Kwa miaka saba nililipwa mshahara kwa kukimbia hatua ishirini na kurusha mpira mgumu kuelekea vijiti vitatu. Nyumbani Beni hakuna aliyeielewa kazi hii hata nilipoieleza taratibu. Mjomba wangu aliwatangazia majirani wa mtaa wetu wa Beu kwamba ninatupa mawe Uganda, na kwamba Waganda wana pesa za kuchezea. Sikumlaumu sana. Kriketi kwetu haichezwi, na mimi mwenyewe niliikuta Kampala, nilikopelekwa kusoma sekondari kama watoto wengi wa wafanyabiashara wa kwetu, ili nijue Kiingereza.

Nilikuwa na kasi. Nasema bila aibu, maana sikuwa na kipaji kingine. Kupiga sikujua, kudaka nilidaka kwa bahati. Lakini wapigaji waliokuja na magongo yao wakitafuna ubani waliacha kutafuna baada ya mipira miwili. Nilipenda sana kuwaona wakiacha kutafuna.

Halafu msimu uliopita mwamuzi mmoja akanyoosha mkono pembeni kwenye mpira wangu wa nne. Mpira batili. Nikadhani nimevuka mstari. Nikarudi, nikakimbia tena, akanyoosha tena. Nikamuuliza kuna nini. Akagusa kiwiko chake.

Sheria yenyewe ni rahisi. Mrushaji hakatazwi kuwa na mkono uliopinda; anakatazwa kuukunjua kiwiko wakati anauachia mpira, maana hapo anakuwa ameutupa. Sasa mkono wangu wa kulia haunyooki kabisa. Nikiunyoosha kwa nguvu zote unaishia pale unapoishia mkono wa mtu aliyebeba sinia. Kwa hiyo sina cha kukunjua. Lakini mtu aliyesimama mbali anaona mkono uliopinda ukipita kwa kasi, na macho yake yanamalizia yenyewe. Nilisimamishwa kucheza wiki hiyo hiyo.

Dawa ilikuwa moja: kupimwa kwa kamera maalumu, katika nchi ambayo hata viza yake ni kazi. Klabu ilikubali kunigharamia kwa sharti moja. Picha ya hospitali ilionyesha kwamba mfupa uliwahi kuvunjika, lakini haikusema mkono ulipinda lini, na wapo waliodai kwamba nimejizoesha kupindisha. Mkuu wa klabu akataka neno la aliyeuunga mfupa, hata kwa video ya simu, kabla ya mwisho wa mwezi. Nilicheka kwa furaha. Aliyeniunga alikuwa hai, na nyumba yake naijua.

Nilivunjika nikiwa na miaka tisa, kwenye mteremko wa Butembo, tulikokuwa tukiishi wakati huo, na bidon, yaani dumu, la maji mkononi. Hatukwenda hospitali. Tulikwenda kwa koko mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la babu na bibi, aliyejulikana mtaa mzima kwa kuunga mifupa. Akaninyoosha, akanifunga vipande vya mwanzi, na baada ya majuma kadhaa akanifungua.

Nikavuka mpaka Kasindi, nikafika Beni, nikamweleza mama. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kwa mtu mzima kama yule, akanunua sukari, mchele na kitenge kipya, tukashika njia ya Butembo pamoja.

"Utaongea naye polepole," akaniambia garini. "Usimuambie ile neno ya kupindama."

"Mama, lakini ile neno njo inanileta."

Akatazama dirishani. Sababu niliielewa baadaye, na nilipaswa kuielewa mapema. Siku ya kufungua mianzi, familia hupeleka jogoo, majirani huitwa, na mzazi husema mbele yao wote kwamba mfupa umepona. Ndivyo ilivyofanyika kwangu, na mama ndiye aliyesema. Kurudi kulalamika ni kumwambia aliyekuponya kwamba shukrani ile ilikuwa ya uongo, na mama hakuwa mtu wa kula maneno yake mbele ya watu.

Koko alikuwa amezeeka, lakini vidole vilikuwa vile vile. Hakunitambua kwa sura. Alinitambua alipoushika mkono. Kidole gumba chake kilipanda kutoka kwenye kifundo, kikafika kwenye kiwiko, kikasimama. Niliona wazi kwamba kimesimama. Kisha majirani wawili wakaingia kumsalimia mama, wakaketi, naye akauachia mkono wangu.

Nikaiwasha simu, nikamwomba aeleze aliniunga vipi na mkono ulitoka vipi.

"Miye nilianzaka hii kazi mbele mama yako azaliwe," akasema akiikazia macho simu. "Hakuna mukono ilitoka kwangu imepindama. Ya huyu mutoto ilitoka muzuri, ya kunyoloka."

Nikamtazama mama anisaidie.

"Ni kweli, koko," mama akasema. "Hata siye tulishukuru. Mukono ilipona."

"Koko, uangalie," nikasema, nikaunyoosha mkono mbele yake hadi ulipogoma. "Inaishia hapa."

Akauangalia. Majirani pia wakauangalia.

"Njo ile muchezo ya Uganda iliipindisha," akasema. "Mutu anatupa mawe kila siku, mukono itabakia aje?"

Majirani wakaitikia kwamba ndiyo, ni mchezo. Mmoja akasema hata shemeji yake aliharibika bega kwa mpira wa wavu. Simu ilikuwa ingali inarekodi. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kujitengenezea ushahidi wa kunimaliza, na walioutoa walikuwa watu wanaonipenda. Nilitaka kupiga kelele. Ungempigia nani kelele pale? Nikazima simu, nikasema aksanti koko, nikaletewa bugali na maharage, nikala.

Wakati wa kuondoka mama alitangulia barabarani na wale majirani kutafuta gari. Koko akanifuata hadi kwenye ua, akanishika tena kiwiko, mahali pale pale.

"Nilionaka tangu ile siku," akasema kwa sauti ya chini. "Mianzi nilifunga mubaya. Mama yako alikuwa ameisha kuleta jogoo, batu bamejaa. Nikanyamaza."

Simu ilikuwa mfukoni, na ilikuwa na chaji. Maneno hayo hayo, nusu dakika tu, ningekuwa na kazi yangu. Nikaanza kuingiza mkono mfukoni. Nyuma yake, kwenye benchi ya nje, alikuwa ameketi mwanamke aliyefunga mkono wake kwa kitenge, ametoka shamba na udongo miguuni, akimsubiri koko bila kutuondolea macho. Koko naye akageuka akamwona, kisha akanitazama mimi. Hakuniomba chochote. Alisubiri tu aone nitafanya nini.

Nikatoa mkono mfukoni mtupu. Nikamwambia haina neno, koko. Ilikuwa na neno, na yeye alijua, lakini sikupata jingine la kusema. Akaenda kwa yule mwanamke, akaanza kumfungua kitenge.

Garini mama akaniuliza koko aliniambia nini pale uani.

"Ameniombea safari njema."

"Ni mutu muzuri," mama akasema. "Unaona? Tumeachana naye muzuri."

Nikamwambia ndiyo. Yeye akasinzia, na mimi nikaitoa simu, nikaitazama ile video mara moja, nikaifuta. Mkuu wa klabu aliandika mara mbili kuuliza imefikia wapi. Sikumjibu, na mwezi ukaisha.