Skrini ya Katikati

Kompyuta yetu ya kwanza ya kazi ilikuwa na skrini moja tu, na kila mume wangu aliponiuliza bei ilinibidi nimfunge yeye ili niione.

Tulikuwa tunanunua kakao. Ghala lilikuwa mji wa Beni, katika komini, yaani mtaa, wa Ruwenzori, na mizigo ilitoka kwa wakulima wa upande wa Mabalako. Ofisi ilikuwa mji mwingine, Butembo, mtaa wa Mususa, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, kati ya mshonaji na muuza misumari. Mume wangu alizoea kushuka Beni Jumatatu na kurudi Ijumaa. Kisha magari yakachomwa barabarani, wasafiri wakauawa, na mtu hakuweza tena kusafiri ila kwa msafara unaosindikizwa na askari, siku askari walipopatikana. Ijumaa zikaanza kupita bila yeye.

Tulionana kwa video. Simu yangu ilikuwa ya wanunuzi wetu, watu waliotukusanyia kakao vijijini, haikupumzika kulia, kwa hiyo yeye nilimweka kwenye kompyuta. Uso wake ulijaza skrini, na nyuma yake ulionekana ukuta wa mbao wenye msumari wa kutundikia koti. Katikati ya habari za watoto, mkulima alifika ghalani na gunia, na mume wangu akaniuliza bei ya kakao kwenye soko la London imesimama wapi. Nilimfunga, nikafungua bei. Nilipomrudia, mara nyingi mtandao ulikuwa umeshakatika.

Nikamwambia wazo langu. Kama mashine ingeonyesha vyote kwa pamoja, bei, thamani ya dola na ujumbe wa wanunuzi, na kama isingezimika ovyo, basi yeye angeweza kuendesha ununuzi akiwa Mususa. Alifikiri kidogo.

“Tengeneza,” akasema. “Ikitembea muzuri, nitarudia nyumba.”

Nilimwita fundi wa vyombo vya sauti wa kanisa jirani, mtu mnene, mpole, ambaye kila waya alioushika aliujaribu kwa kusema “alo, alo, Bwana asifiwe”, hata waya usiopitisha sauti. Alininunulia skrini mbili zilizotumika, zilizoletwa kutoka Dubai. Hazikulingana na ile ya zamani wala zenyewe kwa zenyewe, akaziinua kwa vipande vya mbao hadi vichwa vyao vikawa sawa. Mashine ilikuwa na tundu moja tu la skrini. Akaifungua, akapuliza vumbi jekundu lililojaa ndani, akachomeka kadi yenye matundu zaidi.

Alipowasha, skrini zote zilionyesha kitu kilekile. Mume wangu akatokea mara tatu, akikuna shingo. Nikamwomba fundi asiguse chochote kwanza.

“Mama,” akasema, “bwana mumoja hatoshe?”

Kulikuwa bado na shida ya umeme. Tuliupata kwa jenereta ya jirani, uliopanda na kushuka apendavyo mwenye mafuta. Fundi akaweka paneli za jua juu ya mabati na betri chini ya meza, ili jenereta ikinyamaza mashine isijue. Akafunga modemu za kampuni mbili, moja ikianguka nyingine ishike. Nyaya zote alizipitisha ukutani kwa sababu mvua ikinyesha sana maji huingia mlangoni. Alifanya kazi yake kama anayetayarisha ibada ya Pasaka.

Mwisho tulibishana juu ya mpangilio. Fundi alitaka bei ikae katikati.

“Mbele ya macho unaweka kitu chenye kukulisha.”

“Ni huyo,” nikasema, nikimwonyesha mume wangu kwenye skrini. “Muweke hapo.”

Akamweka. Bei ikakaa kulia, dola na ujumbe kushoto.

Mashine ikatembea. Ikatembea kuliko nilivyoomba. Bei niliitaja mkulima akiwa bado anafungua gunia, na habari hiyo ikaenea Mabalako kwamba kwetu hapana kungoja. Mizigo ikaongezeka. Mimi nikawa nangoja neno moja tu. Siku moja akajisogeza karibu na simu yake, amefurahi, na nikajua analisema sasa.

“Mama wa batoto, kazi imekuwa muzuri. Huko uko wewe, huku niko mimi. Nibakie mupaka mavuno ikwishe.”

Nilijibu kwamba ni sawa. Nyuma ya skrini nyaya za fundi zilikuwa zimenyooka vizuri sana.

Alikuja mara moja kwa msafara, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Alikula, akawashika watoto, kisha akaja kukaa kwenye benchi nyuma yangu na kuuliza bei. Nikaitazama skrini ya katikati, iliyokuwa nyeusi, nikamjibu humo.

“Niko hapa nyuma,” akasema.

Watoto walicheka sana. Nikageuka. Nilimwambia asirudi kule, ampeleke mtu mwingine. Akaniuliza ni nani atakayevunja punje na kuinusa, ajue kama imekaushwa kwa jua au kwa moshi. Mashine yangu haikuwa na pua, na jambo hilo nililijua tangu mwanzo. Msafara uliofuata ukamchukua.

Asubuhi moja baada ya hapo, video ilikuwa wazi lakini kiti chake hakikuwa na mtu. Nilisikia sauti yake mbali, kwenye mizani, akitaniana na wakulima kwa Kinande. Koti lilikuwa kwenye msumari. Upande wa kulia bei ikapanda ghafla, tena sana. Nilijua maana yake: hata waliokuwa wameficha mazao wangeyatoa, na mavuno yangerefuka.

Mkono mmoja wa koti ulikuwa umegeuka ndani nje, kama anavyouacha siku zote, na nyumbani ni mimi ninayeugeuza. Nikanyoosha kidole. Kioo kilikuwa cha moto, kwa sababu hakikuwa kimezimwa tangu jana yake.

Kisha nikamwita, nikamtajia bei.